Kwangu Anaugua, Kwake Anapona

Asubuhi ya kwanza Fadhul alipomwita mkewe "afande", Habibah alidhani anataniwa. Mume alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, mguu mmoja ndani ya suruali na wa pili nje, akimkazia macho kana kwamba hajapata kumwona. Jasho lilimtiririka kutoka utosini hadi kidevuni, na jua lenyewe lilikuwa bado halijapanda juu ya mapaa.

"Baba Hamim, una nini?"

"Nimeegesha vizuri, afande. Usiniandikie faini."

Kisha akaketi sakafuni, akaanza kulia. Habibah alimbembeleza, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, na baada ya kitambo Fadhul akapangusa uso, akauliza kwa sauti yake ya kila siku nani kamkalisha chini. Hakukumbuka afande wala machozi.

Habibah alikuwa Mnubi wa Old Kampala, mzaliwa wa pale pale, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi. Babu wa baba yake aliletwa Uganda akiwa askari kutoka Sudani. Wajukuu wa askari wakawa madereva na wachuuzi, na wanawake wa ukoo wakarithishana kazi ya kusuka. Yeye alisuka kawa za kufunikia masinia ya harusi, nyekundu na kijani na zambarau, na maharusi waliozijua walizitafuta hadi mlangoni kwake. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa mke wa Fadhul, dereva wa lori la kubeba mabati na nondo, na watoto wao wawili walikuwa wameshakwenda kujitegemea.

Miaka mitano nyuma Fadhul alioa mke wa pili, Shamirah, muuza chai na maandazi wa Kawempe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu asiye na mtoto. Fadhul alikuja kumwarifu Habibah kwa heshima zote, kanzu safi, kaka yake Zubairi pembeni. Habibah alisema, "Mungu awape kheri," maana hilo ndilo neno pekee lenye adabu lililomjia. Tangu hapo wakagawana siku, tatu kwa bi mkubwa, tatu kwa bi mdogo, na siku za safari si za mtu.

Ule ugonjwa wa asubuhi ulirudi baada ya mwezi. Ukarudi tena baada ya wiki mbili. Siku moja Fadhul aliamka akamtukana Habibah matusi ambayo hajawahi kuyatamka katika ndoa yao yote. Siku nyingine alikutwa uani akijaribu kufungua mlango wa jirani kwa ufunguo wa lori. Kila mara jasho, kila mara mikono ikitetemeka, na kila mara, akishakula, anarudi kuwa yeye. Habibah alihesabu kwa vidole. Mara kumi na moja katika miaka miwili, na zote zimetokea katika zamu yake. Kutoka Kawempe hakusikia hata moja. Huko, walivyosema waliopita, Fadhul hukaa kwenye benchi la mkewe asubuhi akicheka na wateja.

"Kwangu anaugua, kwake anapona," alimwambia Zubairi. "Wewe hilo unaliitaje?"

Zubairi alikuna ndevu. "Wazee wangesema kalishwa kitu."

Hivyo ndivyo Habibah alivyotaka kusikia. Maana kama Fadhul kalishwa kitu, basi yale mengine yote yalikuwa na maelezo, yale ya kuchelewa kuja zamu yake, ya kuondoka kabla haijaisha, ya kuangalia simu huku anatabasamu. Hata unene. Fadhul alikuwa amenenepa sana katika miaka hiyo, shingo imejaa, vifungo vya shati vinalalamika, na kila kilo aliyoongeza Habibah aliiona ni ya Shamirah, imepandwa Kawempe kwa maandazi.

Habibah kwake alikuwa akifanya kinyume. Miaka mitatu nyuma alipatikana na ugonjwa wa sukari, akapewa vidonge na kuonywa juu ya chakula. Aliporudi nyumbani alitoa kopo la sukari, akampa jirani, na tangu siku hiyo chai ya nyumba ile ilinywewa kavu. Kisha Habibah akamwekea Fadhul naye utaratibu. Chakula cha jioni mapema, mboga nyingi, ugali wa posho kidogo, kisha hakuna kitu hadi asubuhi. Fadhul alikuwa akinung'unika kwamba ana njaa. "Njaa hiyo ni tamaa," Habibah alimjibu. "Nataka uzeeke na mimi." Na alikuwa anamaanisha.

*

Siku aliyokwenda Kawempe ilikuwa Jumatano, mara tu baada ya sala ya alfajiri. Alipanda boda akiwa amejitanda ushungi hadi puani, akaketi mbele ya duka la nafaka lililokuwa linafunguliwa, ng'ambo ya kibanda cha Shamirah. Mwenye duka alimuuliza kama anataka mchele. Alisema anamsubiri mtu.

Shamirah alikuwa anakaanga. Habibah alikuwa amemwona mara chache tu, harusini na misibani, na hakupenda jinsi alivyokuwa mzuri zaidi akiwa kazini, mikono ina unga hadi viwikoni. Punde Fadhul akatoka nyuma ya kibanda, akaketi kwenye benchi. Habibah aliijua ile sura. Macho yamelegea, paji la uso linang'aa. Akajikuta anasubiri kwa hamu, Mungu amsamehe, anguko litokee huku nako, mbele ya watu.

Halikutokea. Shamirah aliacha maandazi katika mafuta, akachomoa chupa chini ya meza, akamimina katika kikombe, akamshika mume kidevu, akamnywesha. Alifanya kama mtu aliyefanya hivyo mara mia. Baada ya dakika chache Fadhul alijinyoosha, akachukua andazi, na mteja mmoja akamchekesha.

Habibah alisubiri hadi mume alipoondoka kwenda kazini. Kisha akavuka barabara, akashusha ushungi.

"Ile chupa," alisema. "Nipe niione."

Shamirah hakushtuka sana. "Karibu, Dada. Umefika toka saa ngapi?"

"Chupa."

Shamirah aliitoa, akaimimina kwenye kikombe kilekile, akanywa funda mwenyewe, akampa. Habibah alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa maji ya sukari yaliyokolea, yamekamuliwa ndimu.

"Akianza kutoka jasho nampa hiyo," alisema Shamirah. "Na kabla ya kulala nampa maziwa na mkate. Nikisahau, asubuhi ananiita majina ya watu. Sijui ni nini. Niligundua tu, siku moja alikuwa amezubaa nikampa soda, akazinduka."

"Lini hiyo?"

"Mwaka jana. Mwanzoni."

Mwaka mzima na zaidi. Habibah alihesabu asubuhi zake, matusi, ufunguo kwenye mlango wa jirani.

"Ukajua dawa, ukanyamaza. Ukaniacha mimi nihangaike naye."

Shamirah aliangalia maandazi yaliyoanza kuungua, akayaopoa moja moja. "Nilitaka awe mzima kwangu," alisema taratibu. "Wewe una watoto wake. Una ndugu zake, una jina. Mimi nilikuwa na hicho kikombe tu."

Habibah alirudi nyumbani kwa boda, na njia nzima kilichomsokota hakikuwa ule uchawi aliokuja kuutafuta. Kilikuwa ule mkono kidevuni. Mwanamke mwingine alikuwa ameujua mwili wa mumewe kuliko yeye aliyeishi nao miaka ishirini na sita.

Zamu yake ilianza kesho yake. Njiani kutoka sokoni alipita duka la sukari, akasimama, akaendelea na safari. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya ugonjwa wake mwenyewe, hataki kishawishi ndani. Lakini ukweli aliujua. Hakutaka kumtibu mumewe kwa dawa ya mke mwenza.

Asubuhi ya pili ya zamu ile Fadhul aliondoka mapema, chai kavu tumboni.

*

Saa mbili na nusu, huko Katwe, alikuwa akirudisha lori nyuma kwenye karakana ya fundi anayeitwa Ongom, mtengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi. Ongom alipiga kelele asimame. Fadhul hakusimama. Lori lilipanda juu ya masanduku yaliyokuwa yamepangwa tayari kuuzwa, likayakunja yote kama karatasi, likagota ukutani. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekuwa nyuma. Ongom alifungua mlango akidhani anamtoa mlevi, akakuta mtu amelowa chapachapa, anatabasamu, anauliza kama hapa ni Bombo.

Zahanati ilikuwa hatua chache. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama namba kwenye kipimo, akamtoboa kingine. Moja nukta tisa. Mtu mzima hatakiwi kushuka chini ya nne.

"Huyu anajidunga insulini?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Walimtundikia dripu ya glukosi, na Fadhul akazinduka akiuliza habari za lori.

Hospitali aliyopelekwa ilikuwa na daktari wa upasuaji anayeitwa Atoo, Mwacholi aliyekulia kambi za jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kilichonyooka. Aliwaita wake wote wawili ofisini.

"Sukari ikishuka hivi kwa mtu asiye na kisukari, nauliza kwanza kuhusu dawa," alisema. "Nyumbani kuna mtu anatumia sindano au vidonge vya sukari?"

Shamirah aliinua macho. "Mama Hamim anatumia," alisema. "Na mume wetu kila akiugua, anaugulia kwake."

Habibah alihisi damu ikimpanda usoni. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, yaleyale aliyomwambia Zubairi, sasa yamegeuzwa na kuelekezwa kwake. Akafungua mkoba, akaweka pakiti ya vidonge mezani.

"Hesabu, Daktari. Sijawahi kumpa hata kimoja."

"Sikusema umempa," alisema Atoo. "Nauliza."

"Basi na mimi niseme yangu." Sauti ya Habibah ilipungua. "Siku aliyogonga, nilikuwa najua kwamba sukari inamsaidia. Huyu alishanionyesha. Sikumpa."

Daktari akaandika kitu. Shamirah aligeukia dirisha.

Kipimo chenyewe kilikuwa njaa. Fadhul alilazwa, akanyimwa kila kitu isipokuwa maji, na kila baada ya saa kadhaa akatobolewa. Inaweza kuchukua hata siku tatu, daktari alieleza, na katika muda huo hakuna mke atakayeleta chakula wala kukaa naye bila muuguzi. Wanawake wawili walikaa nje ya mlango kama washtakiwa, kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi, mikoba yao imekaguliwa.

Fadhul hakufika siku tatu. Saa ya kumi na tisa alianza kumwita muuguzi afande. Habibah alisikia kutoka nje, akafumba macho. Walichukua damu haraka, chupa baada ya chupa, kisha wakampa glukosi kwenye mshipa.

Sehemu ya damu ilipelekwa maabara ya nje ya nchi, na majibu yalichukua siku kumi. Fadhul alikaa wodini akilishwa kila baada ya saa tatu. Wake zake walikuja kwa zamu na hawakuongea. Ukoo uliongea badala yao. Shangazi mmoja aliacha kunywa chai kwa Habibah, akisingizia kiungulia.

Majibu yalipofika, Atoo aliwaita tena, safari hii pamoja na Fadhul.

"Vidonge havimo katika damu," alianza. "Insulini imo, nyingi mno, na sukari iko chini. Mwili ulitakiwa kufunga bomba, haukufunga. Na si ya sindano. Insulini inayotengenezwa na mwili hutoka na mwenzake, chembe nyingine. Ya sindano haina mwenzake. Hii inaye. Kwa hiyo inatoka ndani yake mwenyewe, Mzee Fadhul. Kuna uvimbe mdogo, karibu hakika kwenye kongosho, unaomwaga insulini mchana na usiku. Ukila, unafunika tatizo. Ukikaa na njaa, linafunuka. Ndiyo maana umenenepa."

"Nani kauweka?" aliuliza Fadhul.

"Hakuna. Umeota tu. Ni ugonjwa wa nadra, na mara nyingi si saratani."

Habibah alifikiria mboga zake, posho kidogo, chakula cha mapema. Alifikiria zile njaa alizoziita tamaa. "Mimi nilikuwa nampunguzia chakula," alisema.

"Ungemlisha, tungechelewa zaidi kujua," alisema Atoo. Hakusema kama hiyo ni pole au ni sayansi tu.

*

Kuujua uvimbe ni jambo moja, kuupata ni jingine. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, limelala kama ulimi, na kitu kilichokuwa kinamwangusha mwanaume wa kilo mia moja na tano kilikuwa kidogo kiasi kwamba picha za mashine kubwa ya kwanza hazikukiona. Fadhul alikata tamaa, akasema labda Zubairi amesema kweli kwamba kalishwa kitu, aende kwa sheikh akasomewe. Atoo alimwomba subira. Wakampitisha mpira mwembamba mdomoni hadi tumboni, ncha yake ina ultrasaundi, ili kuchungulia kongosho kupitia ukuta wa tumbo. Hapo kikaonekana kivuli cha mviringo, milimita kumi na tatu, karibu na mkia.

Daktari alichora nyuma ya fomu. Zamani, alisema, wangempasua kutoka upande huu wa mbavu hadi ule, na daktari angetia mkono apapase. Sasa watatoboa matundu manne madogo. Tumbo litajazwa hewa linyanyuke kama hema. Tundu moja kamera, mengine vifaa.

"Mkono hauingii?" aliuliza Shamirah.

"Hauingii."

"Sasa utapapasa na nini?"

Atoo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Swali zuri. Kuna kifaa chembamba cha ultrasaundi, kinapita kwenye tundu, kinalazwa juu ya kongosho lenyewe. Hicho ndicho kidole changu. Kitanionyesha uvimbe uko wapi, na uko mbali kiasi gani na mfereji wa kongosho. Ukiwa mbali, naumenya ubaki mzima, kama njugu kwenye ganda. Ukiwa karibu mno, itabidi nikate mkia wote. Na nikishindwa kwa matundu, nitapasua. Hilo mlijue leo."

Habibah alichomwa na lile swali. Yeye ndiye aliyetaka kuliuliza, na lilikuwa limeshaulizwa, na daktari alikuwa ameshalisifu.

Kisha ikaja fomu yenyewe. Palikuwa na nafasi ya mtu wa kupigiwa simu. Fadhul alishika kalamu, akafikiri, akaandika namba ya Shamirah. Alipoona Habibah anatazama, akasema, "Yeye anajua mambo ya kikombe."

"Andika tu," alisema Habibah. Alitoka nje, akasimama karibu na bomba la kunawia, akanawa mikono isiyokuwa na uchafu.

Upasuaji ulianza saa tatu asubuhi. Ndugu walijaa ua wa hospitali, lakini kwenye benchi la korido waliruhusiwa wawili tu. Kwa mara ya kwanza tangu Kawempe walikaa karibu, kwa sababu benchi lilikuwa fupi.

Muda ulikwenda. Shamirah alitoa maandazi mawili kwenye karatasi, akampa moja, halafu akakumbuka ugonjwa wa Habibah, akaurudisha mkono.

"Nusu haitaniua," alisema Habibah. Walikula.

"Nilisema vile juu ya vidonge," alianza Shamirah.

"Uliamini?"

"Nilitaka kuamini."

Habibah alipangusa mafuta vidoleni. "Na mimi niliamini umemlisha dawa ya mapenzi. Miaka miwili. Ilinisaidia sana."

"Ilikusaidiaje?"

Habibah alikunja karatasi ya maandazi; alikuwa ndiyo kwanza amelisikia neno lake mwenyewe.

Saa sita ilikuwa imeshapita Atoo alipotoka, kofia ya kijani bado kichwani. Alisema kamera peke yake haikuona kitu, kongosho lilikuwa laini na la rangi moja kote. Kifaa cha ultrasaundi kilipolazwa juu yake, kikapita taratibu mara mbili, ndipo uvimbe ukajitokeza, umejificha upande wa nyuma, mbali na mfereji. Waliligeuza kongosho, wakaumenya, ukatoka mzima kwenye kimfuko. Wakakaa wakisubiri na kipimo cha sukari. Baada ya nusu saa namba ilianza kupanda yenyewe, bila glukosi. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba wamepata chenyewe.

Aliwaonyesha katika chupa ndogo. Kitu chenyewe kilikuwa cha rangi ya nyama iliyoiva, ukubwa wa harage. Shamirah alianza kulia. Habibah alikiangalia kwa makini, na kilichomjia si shukrani, ilikuwa karibu hasira. Alikuwa ameandaa moyo wake kwa adui mkubwa zaidi.

*

Fadhul alikaa hospitalini siku kumi na mbili. Mrija uliotoka ubavuni ulivujisha maji ya kongosho zaidi ya wiki, jambo ambalo daktari alisema hutokea, kisha ukakauka. Siku za kwanza sukari yake ilipanda juu, kumi, kumi na mbili, kwa kuwa kongosho lililokuwa limezoea kulala lilikuwa bado halijaamka. Muuguzi aliposoma namba hizo Habibah alitikisa kichwa kwa ujuzi. Zilikuwa namba zake. Alimweleza mumewe kwa nini mdomo unakauka, kwa nini anakwenda chooni mara kwa mara, na Fadhul alimsikiliza kama mwanafunzi. Shamirah alisimama pembeni, hana la kuongeza. Kwa siku tatu Fadhul alikuwa na ugonjwa wa Habibah, na Habibah alifurahi kiasi cha kujionea haya. Siku ya nne sukari ikashuka, ikakaa mahali pake.

Alipotoka, zamu iliyofuata ilikuwa ya Old Kampala. Habibah alilala macho nusu, akisubiri. Kulipopambazuka Fadhul aliamka, akaenda chooni, akatawadha, akasali, akarudi akaketi ukingoni mwa kitanda akiwa mkavu kabisa. Alikuwa ameanza kupungua. Matundu yake manne yalikuwa alama ndogo za kahawia tumboni, huwezi kusema kuna mtu alipita humo.

"Mama Hamim," alisema, "leo nimeamka nikajua niko wapi."

Walikunywa chai. Habibah alikuwa na swali alilolikalia tangu lile benchi la hospitali, na sasa mtu wa kulijibu alikuwa na akili timamu.

"Zile siku ulizokuwa unachelewa kuja kwangu. Zile ulizokuwa unaondoka kabla. Ulikuwa ugonjwa?"

Fadhul angeweza kusema ndiyo. Alizungusha kikombe mkononi. "Nyingine ugonjwa," alisema. "Kwako nilikuwa nashikwa na njaa, nikawa naogopa kuja bila kujua naogopa nini. Nyingine hapana. Nyingine nilikuwa nimekaa tu kule, najisikia vizuri."

"Umempenda."

"Ndiyo. Na wewe sijakuacha."

Habibah aliinua vyombo akavipeleka uani. Aliosha kikombe kimoja muda mrefu. Ndiyo maana ile dawa ya mapenzi ilimsaidia. Miaka miwili alikuwa na mtu wa kumlaumu, na Fadhul alikuwa mtu aliyeibwa. Sasa hakuna aliyemwiba. Alikwenda kwa miguu yake. Aliporudi ndani alimwambia na yake, duka la sukari alilolipita, chai kavu ya asubuhi ya Katwe. Fadhul alisikiliza hadi mwisho.

"Shamirah naye aliniambia yake, wodini," alisema. "Ninyi wawili mngeniua." Hakucheka, lakini hakukasirika pia. Akachukua kofia yake, akaenda kumwona Ongom, ambaye walikuwa wameshakubaliana kwamba Fadhul atambebea mabati hadi masanduku yale yote yatengenezwe upya.

Habibah alitandika mkeka, akatoa ukili na chane za ukindu alizotia rangi jana yake. Alikuwa na kawa sita za kumaliza kabla ya Ijumaa. Hajasuka hata duru moja simu ikalia. Alikuwa Shamirah.

"Ameamkaje, Dada?"

"Salama."

"Hajatoka jasho?"

"Hajatoka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Amekunywa chai, ameondoka."

Upande wa pili mafuta yalisikika yakichemka kwa mbali. "Alhamdulillahi," alisema Shamirah hatimaye, na katika ile sauti Habibah alisikia kitu kimeanguka. Alikitambua mara moja, ile hofu ya mtu ambaye kikombe chake hakihitajiki tena, maana kilikuwa kimeishi kwake miaka mingi. Angeweza kusema neno la kumtuliza, lakini hakulipata lenye ukweli ndani yake.

"Zamu yako inaanza kesho kutwa," alisema. "Atakuja."

Akakata simu, akaendelea kusuka.